Kariakoo: bei wanaijua wote, faida anaijua mwenye kiwanja

Bei za Kariakoo hujulikana kabla jua halijapanda. Mwenye duka wa Songea, Mbeya au Lubumbashi hupiga simu moja akajua khanga, viatu na vyombo vya plastiki vimefika wapi. Lisilojulikana kwa wepesi huo ni faida ya bidhaa hizo inaishia mfukoni mwa nani. Watu wawili huweza kuuza shati lile lile, katika mtaa ule ule na kwa bei ile ile, mmoja akajenga nyumba Mbezi na mwenzake akakosa nauli ya kurudi Gongo la Mboto. Walio wengi husema wa kwanza ana bidii, au ana nyota. Maelezo hayo ni mepesi mno, na mfanyabiashara mdogo anayeyaamini huweza kupoteza mtaji wake wote akitafuta kosa pasipo na kosa.

Wataalamu wa elimu ya jamii wamelizungumza jambo hili kwa muda mrefu. Karl Marx alilitazama kwa jicho la kiwanda, na Kariakoo haina viwanda vya kutajika. Anayefaa zaidi hapa ni Mjerumani mwingine, Max Weber, aliyefariki mwaka 1920. Kwa maoni yake, tabaka la mtu huonekana katika kile anachokwenda nacho sokoni. Mwenye ardhi au nyumba ya kupangisha anaingia na kitu ambacho wengine lazima wakilipie. Asiyekuwa nacho anaingia na nguvu na maneno yake tu. Wote wawili huitwa wafanyabiashara, lakini hawako katika biashara moja.

Chukulia mfano wa mali kauli, mtindo unaoendesha sehemu kubwa ya Kariakoo. Asubuhi mwenye stoo humpa kijana mzigo bila fedha, bila risiti na bila mkataba. Jioni kijana hurudisha fedha, au fedha na kile kilichobaki. Dhamana ni sura yake na jina la aliyemleta: mjomba, mtu wa kijijini, jamaa wa msikitini au wa timu ya mtaa. Aliyeshuka juzi kutoka Kahama bila mwenyeji hapewi hata soksi. Kwa hiyo mtaji wa kwanza wa Kariakoo ni kujuana, na kujuana hakugawanywi sawa.

Mali kauli husifiwa kama msaada wa ndugu kwa ndugu, na kwa kiasi fulani ndivyo ilivyo. Lakini hesabu yake ina upande wa pili. Kijana amechukua mashati 24 kwa shilingi 8,000 kila moja, naye atauza kwa shilingi 10,000. Akimaliza mzigo anabaki na shilingi 48,000. Mgambo wakipita wakamnyang'anya mashati sita, anabaki na 18 ya kuuza. Atapata faida ya shilingi 36,000, lakini anadaiwa shilingi 48,000 za yale sita. Amefanya kazi kutwa nzima na jioni ana deni la shilingi 12,000, kabla hajala wala hajapanda daladala. Mwenye stoo amepata shilingi zake 192,000, ama leo, ama kidogo kidogo kesho na keshokutwa.

Mvua, mgambo na wezi ni hasara ya aliye chini. Mwenye stoo amepata muuzaji asiyemlipa mshahara wala kumpangia fremu, na mara nyingi mauzo hayo hayapiti katika mashine ya kodi ya EFD. Malalamiko ya miaka mingi kwamba machinga huziba milango ya maduka yana ukweli, lakini si siri kwamba baadhi ya bidhaa zilizokuwa zikiuzwa mlangoni zilitoka katika maduka yale yale yaliyozibwa. Asiyeweza kulipa deni la mali kauli hukimbilia mikopo ya kausha damu, inayorejeshwa kila siku. Jina hilo limetungwa na wakopaji wenyewe, na halihitaji kufafanuliwa.

Juu ya machinga yuko winga, ambaye hana bidhaa hata moja. Humdaka mteja wa mkoani, humzungusha madukani na kuishi kwa cha juu. Naye mtaji wake ni kujuana, ila yeye hujuana na watu wa pande mbili, na tofauti hiyo ndogo humwezesha kula hata siku ambayo machinga hajauza. Juu yake yuko mwenye fremu, kisha muagizaji anayechangia kontena na wenzake kutoka Guangzhou, na baada yake muagizaji mwenye kontena lake mwenyewe. Mpagazi na msukuma mkokoteni hawamo hata katika hesabu za bei, ingawa bila wao hakuna mzigo utakaofika Mnazi Mmoja kupakiwa.

Hapo ndipo wengi humaliza ngazi, wakidhani muagizaji ndiye mwenye Kariakoo. Lakini naye hulipa pango. Hulipa miezi sita au mwaka mzima mbele, na kabla ya hapo huenda ametoa kilemba ili mpangaji aliyetangulia ahame au mwenye jengo amkubali. Biashara ikichangamka, pango hupanda. Biashara ikilala, pango halishuki kwa haraka hiyo. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo bei ya fremu huamuliwa na ushindani wa wapangaji wenyewe. Kila nafuu anayoipata mwenye duka, iwe ya ushuru wa bandari au ya barabara mpya, inaweza kumfikia mwenye jengo mkataba unapoisha.

Umiliki huo una historia, na si ya bidii peke yake. Jina la Kariakoo linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza waliowekwa hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Katika mipango ya kikoloni mji uligawanywa sehemu tatu: Uzunguni, Uhindini, na Kariakoo kwa Waafrika, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi katikati kama mpaka. Mwafrika aliruhusiwa kujenga Kariakoo nyumba ya miti na udongo kwenye kiwanja kidogo. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita ilimpa mwenyewe pa kulala na vyumba vya kupangisha. J.A.K. Leslie, ofisa wa serikali ya kikoloni aliyefanya uchunguzi wa jiji miaka ya 1950 na kuuchapisha kitabu mwaka 1963, alieleza kwa kirefu maisha ya wenye nyumba na wapangaji wao. Wakati huo kiwanja cha Kariakoo kilikuwa alama ya kubaguliwa. Leo ni mgodi.

Mageuzi hayo yalikuja kwa hatua. Soko jipya, lililochorwa na msanifu Mtanzania Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975, wakati wa siasa ya Ujamaa, na kuendeshwa na shirika la umma. Mwaka 1984 Serikali iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, na chini ya Mzee Ruksa, Rais Ali Hassan Mwinyi, madirisha ya nyumba za udongo yakawa maduka. Kisha ghorofa zikaota. Mwenye kiwanja asiye na fedha alitoa ardhi, mwenye fedha akajenga, nao wakagawana fremu na sakafu. Familia nyingine ziliuza na kuhamia Mbagala, wakiona wamepata bei nzuri. Wajukuu wa waliouza na wajukuu wa waliosubiri wanaweza kuwa walisoma darasa moja. Leo mmoja anapokea pango na mwingine anatafuta mali kauli. Nani kati yao alikuwa na bidii zaidi?

Serikali, kwa miaka mingi, imelitazama suala hili kwa kugawa watu mafungu mawili: wenye leseni na wasio na leseni. Mtindo huo ulipata nguvu katika miaka ya 1970. Shirika la Kazi Duniani liliandika juu ya Kenya mwaka 1972, na Keith Hart akachapisha uchunguzi wake wa Accra mwaka 1973 akionyesha kwamba waliohesabiwa kuwa hawana kazi walikuwa kazini kutwa. Maneno "sekta isiyo rasmi" yakaenea duniani. Sera zikayafanya kuwa ukuta kati ya watu wa aina mbili, jambo ambalo Kariakoo hulikanusha kila asubuhi stoo zinapofunguliwa.

Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 iliwakamata wasio na kazi inayotambuliwa ili warudishwe vijijini. Mwaka 2018 Rais John Magufuli alikwenda kinyume chake: machinga akapewa kitambulisho kwa shilingi 20,000 na ruhusa ya kufanya biashara. Oktoba 2021 meza zikaondolewa barabarani na watu kupelekwa katika maeneo yaliyotengwa. Katika zamu zote hizo aliyehamishwa, kusajiliwa au kufukuzwa ni aliyeko ngazi ya chini kabisa. Machinga aliyepelekwa mbali na stoo inayomwamini amepoteza mkopo wake wa asubuhi, hata kama amepewa meza nzuri yenye paa. Wapangaji wa mji hawaoni mkopo huo kwa sababu haukuandikwa popote.

Wenye maduka nao walipofunga milango Mei 2023, wakilalamikia usajili wa stoo na kikosi kazi cha kodi, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikwenda kuwasikiliza Mnazi Mmoja. Mgomo ukarudi Juni 2024. Baadaye hasira zikawaelekea wageni, hasa Wachina waliodaiwa kuuza mpaka rejareja na kupandisha pango. Julai 2025 ikatoka amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, ikiwemo ya jumla na rejareja isipokuwa maduka makubwa ya supamaketi. Amri hiyo ina hoja, maana mwenye mtaji wa kiwanda cha Guangzhou hashindani sawa na anayechangia kontena. Lakini imegusa uraia wa mpangaji, si pango. Aliyepokea fedha nyingi za mgeni ni mwenye jengo, naye hakuwa mada ya mgomo wowote. Wala hakuwa kiini cha ghadhabu za wengi Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa lilipoporomoka na kuua watu zaidi ya 20, ambapo waliofukiwa walikuwa watu waliokuwa kazini na wateja wao.

Takwimu za taifa zinafanana na yanayoonekana mitaani. Kwa mujibu wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu, umaskini wa mahitaji ya msingi ulipungua kutoka asilimia 28.2 mwaka 2011/12 hadi asilimia 26.4 mwaka 2017/18. Katika muda huo huo kipimo cha Gini, kinachoonyesha pengo la walio nacho na wasio nacho, kilipanda kutoka 0.34 hadi 0.38. Walalahoi walipungua kidogo, walalahai wakasonga mbele zaidi. Mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, iliyosimamishwa mwaka 2023 na kurudishwa mwaka 2024, inasaidia, ila nayo inataka kikundi, na kikundi ni watu wanaojuana. Akina mama wa upatu na mamantilie wamekwisha kulielewa hilo kabla ya benki.

Kwa mwekezaji mdogo mwenye akiba ya kuingiza Kariakoo, swali la kwanza basi si bidhaa gani inauzika. Ni nani anashika hasara ikiwa haikuuzika, na imeandikwa wapi. Kilemba kisichokuwa na karatasi ni zawadi. Na kuna kifungu kimoja cha kuangaliwa kwa makini katika mikataba ya fremu. Kodi ya zuio ya pango ni asilimia 10, na kisheria mpangaji huikata ndani ya pango na kuipeleka Mamlaka ya Mapato. Ni kodi ya mwenye jengo. Mikataba mingine humtaka mpangaji ailipe juu ya pango. Kwa fremu ya shilingi 1,000,000 kwa mwezi, anayesaini bila kusoma amemlipia mwenye jengo shilingi 1,200,000 kwa mwaka.