Siku ya Mapinduzi na Eda Isiyo na Tarehe



Kila tarehe 12 Januari, Zanzibar huadhimisha Mapinduzi ya mwaka 1964. Hapa Eldoret siku hiyo hupita kama nyingine. Lakini zimo miongoni mwetu nyumba zenye asili ya Unguja na Pemba, na mtoto aonapo gwaride kwenye televisheni huuliza: hii ni siku ya furaha au ya msiba?

Jawabu si moja. Wapo ambao Mapinduzi yaliwapa eka tatu za ardhi na elimu bila malipo, nao wana haki ya kushangilia. Wapo waliokosa hata maiti ya kuzika. Serikali ya Sultani Jamshid, iliyopata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, iliangushwa baada ya mwezi mmoja tu. Sultani alisafiri kwa chombo chake, na Mombasa akakataliwa kushuka. Wasio na chombo walibaki. Idadi ya waliouawa haijaafikiwa hadi leo. Ramadhani ya mwaka 1383 ilikuwa imebakiza siku chache kuandama.

Lisilosemwa vya kutosha ni hali ya mke ambaye mumewe alichukuliwa asirudi. Eda ya mfiwa ni miezi 4 na siku 10, nayo huhesabiwa tangu siku ya kifo. Huyu ahesabu tangu lini? Wanazuoni wametofautiana: wapo wasemao angoje miaka 4 kisha akae eda, na wapo wasemao angoje hadi yakini ipatikane. Kwake yeye, tarehe ya kifo haikuwa jambo la siasa. Ilikuwa haki yake: aolewe au asiolewe, mirathi igawanywe au ingoje.

Wala tusidhani haya ni ya visiwani peke yake. Tarehe 1 Januari 2008, hapa kwetu, kanisa la Kiambaa lilichomwa moto likiwa na watu ndani, wengi wao wanawake na watoto. Sisi pia tuna Januari tusiyopenda kuizungumza.

Basi mwenye bibi aliyetoka visiwani amuulize kwa upole majina na tarehe, ayaandike daftarini. Asipotaka kusema, asilazimishwe. Amtilie chai, aulize siku nyingine.