Ripoti za moshi wa meli zamhusu mkulima wa Nyeri

NI rahisi kwa mkulima wa Othaya, Karatina au Kerugoya kudhani kwamba ripoti ambazo kampuni za meli hutoa kuhusu uchafuzi wa hewa hazimhusu ndewe wala sikio. Bahari iko mbali, na meli si zake.

Dhana hiyo inaweza kumgharimu. Kahawa ya Nyeri, chai ya Chinga na Ragati, pamoja na maparachichi ya Murang'a, huvuka bahari ndani ya makasha. Moshi wa meli zinazobeba makasha hayo kuelekea Ulaya sasa hupimwa, huripotiwa na hulipiwa. Swali ni nani hasa anayelipa, na iwapo anaonyeshwa hesabu.

Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kupima uchafuzi wa meli mwaka wa 2015. Kuanzia Januari 1, 2018, kila meli ya mizigo au abiria yenye ukubwa wa tani 5,000 na zaidi inayotia nanga katika bandari zake ililazimika kurekodi mafuta inayochoma na hewa ya ukaa inayotoa. Takwimu hizo huthibitishwa na wakaguzi huru, kisha Shirika la Usalama wa Bahari la Ulaya lenye makao yake Lisbon huzichapisha kila mwaka. Yeyote mwenye intaneti, awe Hamburg au Nyeri mjini, anaweza kutafuta meli kwa jina na kuona ilitoa moshi kiasi gani.

Kwa miaka sita ya kwanza, hesabu hiyo ilikuwa ya kuripoti tu. Mambo yalibadilika Januari 1, 2024, meli zilipoingizwa katika mpango wa Ulaya wa kununua vibali vya uchafuzi. Papo hapo, kampuni kubwa kama Maersk, MSC, CMA CGM na Hapag-Lloyd zilianza kutoza wateja ada ya ziada kwa kila kasha ili kufidia gharama hiyo.

Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Sheria haikuamuru moshi wote ulipiwe. Kwa safari baina ya bandari ya Ulaya na bandari ya nje, ni nusu tu ya moshi inayohesabiwa. Isitoshe, malipo yalipangwa kupanda hatua kwa hatua: asilimia 40 kwa moshi wa 2024, asilimia 70 kwa wa 2025, na asilimia 100 kuanzia ule wa 2026.

Tuchukue mfano wa meli iliyotoa tani 1,000 za hewa ya ukaa kati ya Salalah, nchini Oman, na Rotterdam. Tani zinazohesabiwa ni 500. Kwa mwaka wa 2024, kampuni ilitakiwa kununua vibali vya tani 200 pekee. Kwa 2025 ni tani 350, na kwa 2026 ni tani zote 500.

Kasha likitoka Mombasa kwa meli moja, likapakuliwa Salalah na kupakiwa katika meli nyingine iendayo Ulaya, sehemu ya kwanza ya safari haimo katika hesabu hiyo kamwe. Mwenye shehena asiyejua haya hawezi kutambua iwapo ada anayotozwa inalingana na vibali vilivyonunuliwa, au imezidi.

Yamkini baadhi ya wasomaji watasema kwamba kahawa yetu kwa kawaida huuzwa kwa bei ya kufikishwa melini Mombasa, na kwamba nauli ya baharini ni mzigo wa mnunuzi. Hoja hiyo ina ukweli, lakini haimpi mkulima kinga. Mnunuzi hupiga hesabu zake kuanzia bei atakayouzia huko kwao, akatoa nauli na ada zote, kisha akaamua atatoa kiasi gani mnadani Nairobi. Gharama isiyoonekana katika ankara ya mkulima inaweza kumfikia kwa njia ya bei duni.

Kwa maparachichi, hali huwa wazi zaidi. Mara nyingi mzigo hutumwa Ulaya kabla ya bei ya mwisho kuafikiwa, na nauli hukatwa kwenye mapato. Meli zilipoanza kuizunguka Afrika Kusini kuanzia mwishoni mwa 2023 kwa kuhofia mashambulizi katika Bahari ya Shamu, safari zilirefuka, matunda yakakaa zaidi njiani na mafuta mengi zaidi yakachomwa. Moshi wa ziada nao uliingia katika hesabu ileile.

Kuna wanaodai kwamba wimbi hili linapungua, hivyo hakuna haja ya kujisumbua. Ni kweli kwamba mnamo Aprili 2025 Ulaya iliahirisha kwa miaka miwili zamu ya kampuni nyingi zilizotarajiwa kuanza kutoa ripoti pana za uendelevu. Aidha, Oktoba mwaka huohuo, nchi wanachama wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini, IMO, ziliahirisha kwa mwaka mmoja uamuzi kuhusu tozo ya moshi wa meli duniani kote, kufuatia upinzani mkali wa Marekani.

Hata hivyo, kuahirishwa huko hakukufuta ada inayotozwa kwa njia ya Ulaya. Kilichopungua ni wajibu wa kampuni kujieleza, ilhali malipo yanapanda. Kwa anayelipa, huo si unafuu.

Viongozi wa vyama vya ushirika na viwanda vya chai wana la kufanya. Wanapojadiliana na wauzaji wa nje na mawakala wa mizigo, wadai ada ya uchafuzi iandikwe peke yake, pamoja na jina la meli na njia iliyopitia. Wailinganishe na takwimu zilizochapishwa. Chama kimoja kidogo huenda kisisikizwe, ila muungano wa vyama vya Nyeri, Kirinyaga na Murang'a una shehena ya kutosha kuufanya ujibiwe.

Serikali za kaunti nazo zinaweza kuwatafuta wataalamu wa kufanya hesabu hizi kwa niaba ya wakulima. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kiko papo hapo Nyeri.

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la meli limekwisha kufunguliwa na ni la umma. Kinachosalia ni wenye kahawa, chai na maparachichi kulisoma.