Siku Kumi za Danieli



Jumapili moja, baada ya mafundisho, kijana wa parokia yetu aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo. "Mwalimu," alisema, "kuna faida gani kusoma kemia, ikiwa mtu anaweza kumaliza sekondari bila kushika hata chupa moja ya maabara?" Wenzake walicheka, yeye hakucheka. Kaka yake alikwisha kwenda kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Salamabila, naye alikuwa akipima moyoni kama amfuate. Nilinyamaza, kwa sababu mimi mwenyewe nimewafundisha walimu kwa miaka mingi, na mizani ya maabara nimeichora kwa chaki mara nyingi kuliko nilivyoishika mkononi. Leo namjibu, na kwa njia yake nawajibu ninyi nyote, maana najua swali hilo si lake peke yake.

Fungueni kitabu cha Nabii Danieli, sura ya kwanza. Vijana wanne wa Yuda wamepelekwa uhamishoni Babeli, nao wanakataa chakula cha mfalme ili wasijitie unajisi. Mkuu wa watumishi wa mfalme anaogopa: vijana hawa wakikonda, kichwa chake kitakatwa. Danieli hagombani, wala hajigambi kwa imani yake. Anamwendea msimamizi na kuomba wajaribiwe kwa siku kumi, wao wale mboga na kunywa maji, kisha nyuso zao zilinganishwe na za vijana wanaokula chakula cha mfalme. Msimamizi anakubali. Siku zinatimia, nyuso zinatazamwa, na jambo linaamuliwa kwa yale yaliyoonekana.

Mara nyingi tunalisoma fungu hili kama fundisho la ujasiri, na ndivyo lilivyo. Lakini tazameni pia yule msimamizi ambaye hata jina lake hatulikumbuki. Bila yeye kusingekuwa na jaribio lolote. Danieli alikuwa na akili na imani; aliyekuwa na mamlaka ya kufungua mlango ni mwingine. Na ndugu zake watatu walipaswa kukubali kula mboga zile zile siku zote kumi, pasipo kuiba nyama usiku, la sivyo matokeo yasingekuwa na maana. Basi elimu ya kuchunguza mambo huhitaji watu wa namna tatu: anayeuliza, anayeruhusu na wanaoshiriki kwa uaminifu. Mmoja akikosekana, jitihada za wengine hupotea bure.

Msidhani kwamba mambo haya ni ya Babeli na Ulaya tu. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, Kasongo yetu ilijulikana na waganga wa dunia nzima. Watafiti waliofungamana na Chuo cha Tiba ya Nchi za Joto cha Antwerpen, pamoja na wauguzi na waganga wa nchi yetu, walijaribu hapa namna mpya ya kuwahudumia wagonjwa: vituo vidogo vya afya karibu na watu, na hospitali moja ya kupokea wagonjwa walioshindikana huko. Kasongo ni miongoni mwa majaribio yaliyosaidia nchi, iliyoitwa Zaire wakati ule, kupanga zile zoni za afya ambazo hata leo zinaongoza huduma za tiba katika Kongo nzima. Mama anayembeba mtoto wake hadi kituo cha afya leo anatembea katika njia ambayo sehemu yake ilichorwa hapa kwetu.

Watafiti hao walifanya jambo jingine kubwa. Walilinganisha watoto wa umri wa miezi 7 hadi 35 waliopata chanjo ya surua na wale wa sehemu ambazo chanjo ilikuwa haijafika. Matokeo yao yalitangazwa mwaka 1981 katika jarida la Lancet la Uingereza. Waliona kwamba chanjo iliwaokoa watoto, lakini pia kwamba tofauti kati ya makundi mawili ilipungua kadiri miezi ilivyopita. Wakauliza kama baadhi ya watoto walioponea surua hawakuchukuliwa baadaye na maradhi mengine na utapiamlo. Habari hiyo haikuwafurahisha wengi. Wataalamu walibishana kwa miaka, na tafiti zilizofanyika baadaye, hasa nchini Guinea-Bissau, zilionyesha kwamba chanjo ya surua inaokoa maisha hata kuliko ilivyodhaniwa. Hivyo ndivyo elimu inavyokwenda: mtu husema alichokiona, mwingine hukipima upya, na ukweli husogea mbele hatua moja. Nawaomba mkumbuke kwamba hatua ile ilianza na mama wa Kasongo aliyekubali kutaja umri wa mtoto wake, na muuguzi aliyeandika katika daftari tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kufa pasipo kudanganya.

Sasa tuzungumze juu ya msimamizi, yaani serikali. Mwaka 1954 Kanisa lilifungua Chuo Kikuu cha Lovanium karibu na Léopoldville, mji tunaouita leo Kinshasa. Mwaka 1959 chuo hicho, kilichoongozwa na Monsinyori Luc Gillon, padri aliyekuwa mwanafizikia, kilipata mtambo wa kwanza wa nyuklia katika Afrika nzima. Haya hayakudumu. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi waliandamana kudai haki zao, na askari wakawapiga risasi, makumi walikufa. Mwaka 1971 walipotaka kuwakumbuka wenzao, walilazimishwa kuingia jeshini, na mwaka huo huo serikali ikakichukua chuo na kukiunganisha na vingine kuwa chuo kikuu kimoja cha taifa. Mtambo ulibaki mahali pake. Lakini mtambo haufikiri; anayefikiri ni mtu, na mtu aliyeona mwenzake akipigwa risasi kwa kuuliza hujifunza kutouliza.

Tusiseme, hata hivyo, kwamba zamani za wakoloni zilikuwa njema na leo ni mbaya. Huko Yangambi, kwenye kituo cha taasisi ya kilimo iliyoanzishwa mwaka 1933, watafiti wawili, Beirnaert na Vanderweyen, walieleza mwaka 1941 siri ya mchikichi: ule wenye kokwa la ganda jembamba na mafuta mengi huzaliwa kwa kuchanganya aina mbili nyingine. Elimu hiyo ilibadilisha mashamba ya Malaysia na Indonesia. Lakini katika siku zile zile, babu zetu wa Maniema walilimishwa pamba kwa lazima, na hakuna aliyewauliza walijua nini juu ya udongo wao. Serikali ile ilipenda utafiti, ila haikumpenda mkulima kama mtu mwenye akili. Uhuru ulipofika mwaka 1960, Wakongo wenye shahada ya chuo kikuu walikuwa wachache mno wa kuyapokea maabara yale. Leo nchi ambamo siri ya mchikichi iligunduliwa inaagiza mafuta ya mawese kutoka ng'ambo. Utafiti usiowalea wenyeji ni kama mti uliopandwa ndani ya chungu: mwenye chungu akiondoka, huondoka nao.

Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 46, inamhakikishia kila mtu uhuru wa utafiti wa kisayansi. Viongozi wa Afrika nao walikubaliana kwamba kila nchi itenge asilimia moja ya pato lake kwa utafiti. Maneno ni mazuri. Lakini uhuru bila mshahara wa mtafiti, bila umeme wa kuhifadhi chanjo, bila barabara ya kufikisha sampuli, unafanana na ruhusa ya kuvuka Lualaba anayopewa mtu asiye na mtumbwi. Katika mkoa wetu ardhi imepimwa kwa bidii pale inapotafutwa dhahabu. Ningependa kuona bidii hiyo hiyo ikitumika kupima udongo wa mpunga. Kuidai haki hii kwa amani, kwa barua na kwa kura, si uasi. Ni wajibu wa Mkristo mlei.

Hata hivyo, ningewadanganya kama ningeishia kwa serikali. Wapo pia wale ndugu watatu wa Danieli, yaani jamii, yaani sisi. Tarehe 1 Agosti 2018 ugonjwa wa Ebola ulitangazwa katika Kivu ya Kaskazini. Mwezi Desemba wakubwa wakaahirisha uchaguzi katika Beni na Butembo, wakitaja ugonjwa na ukosefu wa usalama, na kura za watu hao hazikuhesabiwa katika kumchagua rais. Watu wakasema: kumbe Ebola ni siasa. Uvumi ukapata miguu, na vituo vya matibabu vikashambuliwa. Tarehe 19 Aprili 2019, Ijumaa Kuu, mganga Mkameruni, Richard Mouzoko, aliuawa kwa risasi katika hospitali ya Butembo. Hapo mnaona jinsi kosa la serikali na hofu ya jamii zinavyoshikana mikono. Imani iliyovunjwa na wanasiasa, aliyeilipia ni mganga.

Na bado, katikati ya giza hilo, jambo kubwa lilitendeka. Kati ya Novemba 2018 na Agosti 2019, katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina, wagonjwa 681 walishiriki katika jaribio la dawa nne za Ebola, likiongozwa na Profesa Jean-Jacques Muyembe pamoja na wenzake. Mmoja wa walioitambua Ebola tangu Yambuku mwaka 1976 alikuwa yeye. Dawa mojawapo ilitokana na damu ya mtu aliyepona ugonjwa huo Kikwit mwaka 1995. Kati ya waliopewa dawa hiyo walikufa kama 35 kwa kila 100. Kati ya waliopewa dawa ya kulinganishia, karibu nusu. Mwezi Desemba 2020 Marekani iliipitisha rasmi. Mwili wa Mkongo aliyepona, akili ya Mkongo aliyesoma, na ridhaa ya wagonjwa wa Kongo: hayo yote yalitoka katika nchi ambayo tunasema haina kitu.

Mtaniuliza: imani inasemaje? Wengine wetu huogopa kwamba anayechunguza sana anamjaribu Mungu. Lakini mmoja wa waliotangulia kueleza kwamba ulimwengu unatanuka, na kwamba ulikuwa na mwanzo, alikuwa padri, Georges Lemaître wa Chuo Kikuu cha Leuven. Kitabu cha Hekima kinatufundisha kwamba Mungu alipanga vyote kwa kipimo, kwa hesabu na kwa uzito. Basi anayepima anafuata nyayo za Muumba. Dhambi iko mahali pengine: kumsingizia bibi kizee uchawi mtoto anapokufa, badala ya kuuliza kama mtoto alichanjwa na kama maji aliyokunywa yalikuwa safi. Uongo wa namna hiyo huua mara mbili, kwanza mtoto, kisha jirani. Na kijana anayeinamisha kichwa kanisani asubuhi, kisha jioni akaeneza kwa simu uvumi asioujua chanzo chake, ametoa ushuhuda wa uongo hata kama hakukusudia.

Kwa hiyo, kijana wangu uliyeniuliza, hili ndilo jibu langu. Ni kweli umenyimwa maabara, na walioinyima wana hatia. Lakini Danieli hakuwa na maabara. Alikuwa na siku kumi, mboga, na macho ya kulinganisha. Wewe una shamba. Panda mistari miwili ya mpunga, mmoja kwa mbegu ya kawaida na mwingine kwa mbegu iliyochaguliwa, pima mavuno, andika. Kikundi chenu kina kisima: hesabuni wagonjwa wa kuhara kabla na baada ya kukisafisha, andikeni. Mkikosea, andikeni kwamba mmekosea. Siku msimamizi mwema atakapofungua mlango, atawatafuta waliozoea kuona na kusema kweli. Naye hawezi kuwaumba kwa siku moja. Sijui kama utamfuata kaka yako. Sina haki ya kumhukumu anayetafuta chakula cha nyumbani kwao. Nakuomba tu, uendapo au ubakipo, usiache kuuliza.

Mungu Mwenyezi, chemchemi ya hekima yote, awape watawala wetu moyo wa kuruhusu, na sisi moyo wa kushiriki kwa uaminifu.

Maswali ya kutafakari katika kikundi:

1. Katika kijiji chetu, ni uvumi gani juu ya ugonjwa au chanjo ambao tuliuamini bila kuupima? Ulimdhuru nani?

2. Ni jambo gani dogo ambalo kikundi chetu kinaweza kulihesabu na kuliandika kwa muda wa miezi mitatu?

3. Kama tungewaandikia wakubwa wa mkoa barua moja juu ya shule na utafiti, tungeomba nini kwanza, na sisi wenyewe tungeahidi nini?