Benki za jezi zifike na kwenye matuta ya Lushoto

UKIPANDA gari Mombo kwenda Lushoto, si ajabu kupishana na malori yaliyosheheni kabichi, karoti na viazi yakishuka kuelekea Tanga na Dar es Salaam. Mzigo huo hutoka kwenye vishamba vidogo vya milima ya Usambara, vingi vikiwa mitelemkoni, vimelimwa kwa matuta ya ngazi.

Wakulima wa vishamba hivyo wanazijua benki kwa majina. Wanazisikia redioni kila mwisho wa wiki. Tangu Oktoba 2021 Ligi Kuu ya Tanzania Bara imebeba jina la NBC, na mwaka 2023 benki hiyo iliongeza mkataba kwa miaka mitano. Mwaka 2024 Kombe la Shirikisho nalo lilichukua jina la CRDB. NMB ilianzisha mbio za marathoni mwaka 2021 kuchangia matibabu ya akinamama wenye fistula katika Hospitali ya CCBRT.

Udhamini huo si jambo la kubeza. Mama aliyetengwa na jamii kwa sababu ya fistula akitibiwa, anarudi kwenye familia na shamba lake. Klabu ya mkoani kama Coastal Union ya Tanga nayo hunufaika ligi inapokuwa na mdhamini wa uhakika. Swali la mchumi ni hili: jina la benki likishapanda mlimani, mkopo nao unapanda?

Kwa upande wa riba, kuna hatua iliyopigwa. Julai 2021 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza nafuu kwa benki zitakazokopesha kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10 kwa mwaka. Baadaye CRDB na NMB zilitangaza mikopo ya kilimo kwa asilimia 9. Kwa mkulima aliyezoea kusikia viwango vya karibu asilimia 20, hiyo ni habari njema.

Hata hivyo, mkulima mdogo wa mboga mara nyingi hakopi huko. Hukopa kwa taasisi ndogo, kwa kikundi, au kwa dalali anayempa mbolea leo na kuchukua kabichi kesho kwa bei anayoitaka yeye.

Tuchukue mfano. Mkulima anakopa Sh1,000,000 kwa miezi sita, kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi inayokokotolewa kwenye mkopo wote. Atarejesha Sh1,180,000, yaani karibu Sh197,000 kila mwezi. Kabichi huchukua takriban miezi mitatu tangu kuhamishwa kitaluni. Kwa hiyo rejesho la kwanza na la pili yatamkuta mboga ingali shambani. Atauza mbuzi, atakopa kwingine, au atamwendea dalali. Na dalali hufungasha lumbesa.

Fedha hizo hizo zikikopwa kwa asilimia 9 kwa mwaka na kulipwa mara moja baada ya miezi sita, riba yake ni Sh45,000. Tofauti ni Sh135,000. Lakini kinachomwokoa zaidi mkulima huyu ni tarehe ya kulipa, kwa sababu anarejesha akiwa ameshauza.

Kikwazo kingine ni dhamana. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatambua hati ya hakimiliki ya kimila, lakini vishamba vingi vya milimani ni urithi uliogawanywa vipande vipande, na si vyote vina hati. Mwanamke ndiye anayeumia zaidi. Analima, anapalilia na kuvuna, ilhali shamba linahesabiwa kuwa la mume au la ukoo. Huyo hafikiwi na jezi wala bango la uwanjani.

Anafikiwa kwenye VICOBA. Huko hununua hisa kila wiki, hukopeshana na wenzake na hudhaminiwa na watu wanaomjua. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ilivitambua vikundi vya aina hiyo na kutaka visajiliwe. Daftari la kikundi linaloonyesha miaka mitatu ya kuweka na kurejesha bila kuchelewa lina ushahidi mzuri kuhusu tabia ya mkopaji kuliko kipande cha ardhi kisichouzika.

NMB yenyewe ilizaliwa mwaka 1997, NBC ya zamani ilipogawanywa, na herufi zake zinataja huduma ndogo za fedha. Kwa hiyo kumfuata mkulima mdogo si jambo geni kwa benki zetu.

Yapo mambo matatu yanayowezekana. Kwanza, marejesho yafuate mavuno ya zao husika, si tarehe ya mshahara. Pili, kumbukumbu za kikundi zikubalike kama sehemu ya dhamana. Tatu, benki inapodhamini bonanza la vijiji, ije na maofisa mikopo na ikutane na vikundi vya wanawake siku hiyo hiyo.

Faida ni ya pande zote. Mkulima akiuza kwa wakati anaoutaka, mkopo hulipika na benki hupata mteja wa miaka. Akilazimika kuuza kabichi kabla ya kukomaa ili awahi rejesho, mkulima hupoteza msimu na benki hupoteza mteja, hata kama jina lake limeandikwa kwenye kila jezi uwanjani.