Penye gesi hapana mbolea?

Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Msemo huo unamfaa mkulima wa Tanzania na gesi asilia ya nchi yake. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, ya Mnazi Bay mwaka 1982, na tangu mwaka 2010 imepatikana nyingi zaidi chini ya bahari kuu, hata hazina yote ikakadiriwa kufikia futi za ujazo trilioni 57. Lakini mfuko wa urea anaoununua mkulima wa mahindi wa Songea au Sumbawanga hutoka ng'ambo, hushushwa bandarini, kisha hupandishwa kwenye lori linalokunywa dizeli ambayo nayo imetoka ng'ambo.

Gesi inapotajwa, wengi hufikiria umeme wa Ubungo, au bajaji na teksi zinazopanga foleni Dar es Salaam kujaza mitungi. Ni wachache wanaokumbuka kwamba urea pia ni gesi iliyogeuzwa. Kiwandani, haidrojeni hutolewa katika gesi asilia na kuunganishwa na naitrojeni ya hewani ili kupata amonia, na amonia hiyo ndiyo inayotengeneza urea. Katika kazi hiyo, gharama kubwa kuliko zote ni gesi yenyewe. Kwa hiyo gesi ikipanda bei Ulaya au Asia, mkulima wa Mbozi ataiona bei hiyo dukani hata kama hajawahi kuwasha jiko la gesi.

Hayo yalionekana wazi mwaka 2021 na 2022. Bei ya gesi Ulaya ilipaa na viwanda kadhaa vya mbolea vikapunguza uzalishaji. China ikabana mauzo yake ya nje, kisha Februari 2022 Urusi, ambayo ni muuzaji mkubwa wa mbolea, ikaingia vitani Ukraine. Tani moja ya urea iliyokuwa chini ya dola 250 kwa wastani wa mwaka 2020 ilipita dola 900 Aprili 2022. Juni 2025 somo likarudiwa: vita vya Israel na Iran vilipokatiza gesi iliyokuwa ikienda Misri, viwanda vya urea vya Misri vilisimama.

Serikali ya Tanzania iliitikia kwa ruzuku iliyozinduliwa Nane Nane ya mwaka 2022 jijini Mbeya. Urea iliyokuwa ikiuzwa zaidi ya shilingi 120,000 kwa mfuko wa kilo 50 iliwekewa bei ya takriban shilingi 70,000. Ulikuwa uamuzi wa busara, na wakulima wengi waliokuwa wamekata tamaa walirudi shambani. Hata hivyo, ruzuku haishushi bei ya mbolea. Inahamisha sehemu ya bei hiyo kutoka mfukoni mwa mkulima kwenda kwenye hazina ya serikali, na kila dunia inapotikisika mzigo wa hazina nao unakua. Nchi haiwezi kuendelea kulipia gesi ya wengine huku ya kwake imelala chini ya bahari.

Wazo la kutengeneza mbolea nchini si geni. Kiwanda cha Tanga kilichojengwa miaka ya 1970 kilitegemea malighafi kutoka nje, na hatimaye kikafungwa. Miaka ya 1980 ulipangwa mradi wa amonia na urea huko Kilwa kwa kutumia gesi ya Songo Songo, nao haukujengwa. Miaka ya 2010 Kilwa ikatajwa tena, safari hii TPDC ikiwa na wawekezaji wa kigeni. Mradi huo nao ulikwama, na moja ya mambo yaliyovutaniwa ni bei ambayo kiwanda kingeuziwa gesi.

Hapo ndipo penye fundo. Mwekezaji hutaka gesi ya bei ya chini ili urea yake ishindane na ya Ghuba. Mchimbaji naye hutaka bei nzuri arudishe gharama zake, na serikali inataka mapato. Wote watatu wana hoja, lakini anayekosekana mezani ni mkulima.

Kukosekana huko kuna madhara. Nigeria ilizindua kiwanda cha Dangote huko Lekki Machi 2022, chenye uwezo wa kuzalisha tani milioni tatu za urea kwa mwaka. Ni hatua ya kujivunia, lakini sehemu kubwa ya urea ya Nigeria husafirishwa nje kufuata dola, na wakulima wa huko bado wanalalamikia bei. Kiwanda peke yake si dawa. Dawa ni masharti yanayoandikwa kabla ya jiwe la msingi kuwekwa.

Kwa Tanzania, wakati wa kuandika masharti ni huu. Mazungumzo ya mradi wa kuchakata na kusindika gesi ya bahari kuu huko Lindi yamechukua zaidi ya miaka kumi, na makubaliano ya awali yalisainiwa Juni 2022. Sera ya Gesi Asilia ya mwaka 2013 inalipa soko la ndani kipaumbele kabla ya kuuza nje. Aidha, tangu Bwawa la Julius Nyerere lianze kuzalisha umeme Februari 2024, maji yamebeba sehemu ya mzigo uliokuwa ukibebwa na gesi. Hoja kwamba gesi yote inahitajika kwenye mitambo ya umeme haina tena nguvu iliyokuwa nayo.

Yapo mambo matatu ambayo vyama vya ushirika, wabunge wa majimbo ya kilimo na mawakala wa pembejeo wanapaswa kuyadai. Kwanza, mgao wa soko la ndani utaje mbolea kwa jina, si umeme na viwanda kwa ujumla. Pili, kanuni ya kupanga bei ya gesi ya kiwanda cha mbolea ijulikane mapema, na punguzo lolote lionekane katika bei ya mfuko. Tatu, kiwanda kifungwe kwa mkataba kuuza kiasi fulani nchini kabla ya kupakia meli.

Kiwanda cha namna hiyo huchukua miaka kujengwa. Kwa sasa mkulima atafanya vema kupima udongo wake, kutumia samadi na kununua mbolea mapema kupitia chama chake. Lakini asinyamaze. Kutoka Kilwa hadi mashamba ya Ruvuma si mbali kuliko kutoka Ghuba, na gesi ikishauzwa yote kwa mkataba wa miaka mingi, hakuna ruzuku itakayoirudisha.