Nikaha isigeuzwe pazia la kuficha aibu ya ukoo

SIFA njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake.

Ndugu Waislamu, msimu wa korosho unapoanza mwezi Oktoba na fedha zikaingia mikononi, harusi huongezeka kuanzia Mikindani hadi Msimbati na vijiji vya maingilio ya Mto Ruvuma. Ni jambo la heri. Lakini ipo ndoa ambayo haizungumzwi barazani: ile ya mwanamume asiye na hamu na wanawake na mwanamke asiye na hamu na wanaume, wote wawili wamesukumwa na jamaa zao ili maneno ya watu yakome. Pengine wamejuana siri na kuafikiana. Pengine ni mmoja tu ajuaye, na mwenziwe anaozwa gizani.

Jambo hili si geni. Nchini China ndoa ya namna hiyo ina jina lake, xinghun, yaani ndoa ya sura tu. Katika pwani yetu, mtafiti Gill Shepherd aliandika mwaka 1987 kwamba huko Mombasa mwanamke alihitaji kuolewa kwanza ndipo ahesabiwe mtu mzima, na hata waliopenda wanawake wenzao aghalabu walikuwa wamepitia ndoa.

Hukumu ya wanavyuoni juu ya vitendo vya jinsia moja inajulikana, na sheria za nchi zimeweka adhabu kali. Leo hatujadili hayo. Tunawauliza wazazi: ni nani aliyewapa ruhusa ya kulazimisha nikaha ili kulinda jina la ukoo?

Huku kwetu Wamakonde, Wamakua na Wayao hufuata ukoo wa mama, na neno la mjomba ni zito. Kwa mila anastahili heshima yake. Lakini katika madhehebu ya Imamu Shafi, mjomba si walii hata kidogo. Uwalii huanza kwa baba, kisha babu mzaa baba, kisha kaka, na kuendelea upande huo huo wa baba.

Wapo watakaosema kwamba baba ni walii mujbir, anaweza kumwoza binti yake bikira bila kumuuliza. Ni kweli Mashafi wameitaja haki hiyo, ila wameiwekea masharti, miongoni mwayo kwamba mume awe kufu yake na pasiwe na uadui wa dhahiri baina ya baba na binti. Tena wakasema kumtaka shauri ni sunna. Ama kijana wa kiume aliyebaleghe na mwenye akili timamu, hakuna awezaye kumwoza pasi na ridhaa yake.

Tuitazame sira. Khansa bint Khidam aliozwa na baba yake hali hataki, na Mtume (S.A.W.) akaivunja ndoa hiyo. Barira alipopata uhuru wake alimwacha mumewe Mughith, naye akawa anamfuata njiani akilia. Mtume alipomwombea Mughith, Barira aliuliza kama ile ni amri. Alipojibiwa kuwa ni ombi tu, akakataa, wala hakulaumiwa. Mke wa Thabit bin Qays hakuwa na lawama juu ya dini wala tabia ya mumewe. Moyo wake tu haukumkubali. Akarudisha bustani ya mahari, akaachwa. Ikiwa Mtume hakuulazimisha moyo wa mtu, sisi tumepata wapi ujasiri huo?

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inataka ridhaa ya hiari ya pande zote mbili, na ndoa iliyokosa ridhaa hiyo ni batili.

Wazazi wengine husema, "Akioa atatengenea." Asipotengenea je? Binti wa watu atakaa miaka akidhani kasoro ni yake, akipelekwa kwa kungwi na kwa waganga, akiulizwa na majirani mimba iko wapi. Hiyo ni dhulma kwa mtu asiye na kosa. Ndiyo maana wanavyuoni wametaja kuwa anayejua kwa yakini kwamba atamdhulumu mke, kuoa kwake ni haramu. Sura ya Ar-Rum imetaja utulivu, mapenzi na huruma kuwa ndiyo matunda ya ndoa. Nyumba ya kuogopana haizai matunda hayo.

Enyi wazazi, mwulizeni kijana kabla ya kupokea posa, kwa faragha, kupitia kwa mtu anayemwamini. Tumefundishwa kuwa kimya cha bikira ni idhini yake, lakini hicho ni kimya cha haya. Kimya cha hofu si idhini. Nanyi masheikh mnaofungisha ndoa, msikieni kila mmoja peke yake kabla ya akdi. Na akisema hapana, asipigwe wala asifukuzwe nyumbani. Mtoto ni amana, na tutaulizwa juu yake kabla ya kuulizwa majirani walisema nini.

Wabillahi tawfiq.