Shaaban Robert: Karani, Mtunzi na Baba wa Watoto

Wiki hii twamkumbuka marehemu Shaikh Shaaban bin Robert, ambaye sifa zake za utunzi husomwa shuleni, lakini sifa zake za ubaba hazitajwi sana. Nawaandikia kutoka Nyamitanga, hapa Mbarara, mahali ambapo Kiswahili hakikuwa lugha ya mama ya watu wengi. Kimefika kwetu kwa njia ya kambi za askari, maduka ya barabarani, na baadaye kwa ndugu zetu wakimbizi wa Nakivale, ambao wengi wao, hasa waliotoka Kongo, walikuja nacho vinywani.

Marehemu alizaliwa karibu na Tanga tarehe 1 Januari 1909, akasoma Dar es Salaam kati ya 1922 na 1926. Mwaka huo wa 1926 aliingia katika Idara ya Forodha akiwa karani, na ukarani ndio uliomlisha karibu maisha yake yote. Mwaka 1944 alihamishiwa Idara ya Wanyama, akapelekwa Mpwapwa, mbali na pwani aliyoizoea. Mwaka 1946 akarudishwa Tanga katika ofisi ya jimbo, na kuanzia 1952 hadi 1960 alikuwa katika ofisi ya upimaji wa ardhi. Askari na polisi mnaosoma haya hamhitaji kuelezwa maana ya barua ya uhamisho: mke anafunga mizigo, mtoto anaachishwa shule katikati ya muhula, na mwenye nyumba anadai kodi ya mwezi ambao hamtakuwapo.

Katika hali hiyo ndipo alipoandika. Mchana ulikuwa wa serikali; kalamu yake mwenyewe ilisubiri saa za kazi ziishe. Kitabu chake Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, kinaeleza kesi ya mtu aitwaye Karama katika nchi iliyo angani, naye msomaji mwerevu alifahamu kwamba nchi hiyo haikuwa mbali sana na Tanganyika iliyotawaliwa na Mwingereza. Mtumishi wa serikali hakuweza kusema wazi. Kwa hiyo alisema kwa hadithi. Aliandika pia utenzi mrefu sana wa vita vya 1939 hadi 1945, vita ambavyo vijana wa Afrika Mashariki walipelekwa kupigana hata Burma. Utenzi huo, Utenzi wa Vita vya Uhuru, ulichapishwa mwaka 1967, yeye akiwa amekwisha kufariki.

Lakini hebu tuingie nyumbani mwake. Mkewe Amina alifariki mapema, naye akamtungia shairi la maombolezo lenye jina hilohilo la Amina. Wanaume wengi wa zama zake walilia kwa siri, na wengi wa zama zetu vilevile. Yeye aliliweka jina la mkewe juu ya ukurasa, kila mtu alisome.

Kisha kuna watoto. Binti yake Mwanjaa alimtungia Utenzi wa Hati. Mwanawe Suleiman akamtungia Utenzi wa Adili. Desturi ya mzazi kumwachia mtoto usia kwa utenzi ni ya kale katika pwani: Mwana Kupona wa Siu alimtungia bintiye mnamo mwaka 1858, akiwa mgonjwa. Tofauti ni kwamba hapo aliyekaa na binti kumfunza mambo ya dini, usafi, ulimi mwema na maisha ya ndoa alikuwa mama. Shaaban Robert, mwanamume, aliona kazi hiyo ni yake pia. Sikubali kila neno alilomwambia Mwanjaa; mambo anayousia kuhusu utii wa mke kwa mume, binti zetu wa leo watayajadili, na wana haki. Lakini nawauliza akina baba wa kambini: ni wangapi kati yetu tumewahi kukaa na binti tukamweleza, kwa maneno yetu wenyewe, tunavyotaka aishi? Kwa kawaida twampa ada ya shule na amri, tukadhani tumemaliza.

Najua jibu la askari. Atasema yuko mbali, Karamoja au Somalia, na fedha hupeleka kila mwezi kwa simu. Ni kweli, na fedha hizo ndizo zinazonunua unga. Lakini mama mmoja jirani yangu, mume wake yuko kazini mbali, aliniambia kwamba ujumbe wa fedha huonyesha kiasi na salio, basi. Mtoto wake wa miaka sita huomba asomewe ujumbe huo akidhani ni barua ya baba.

Shaaban Robert naye alikuwa mbali na watu wake mara nyingi. Aliandika barua. Kwa mdogo wake Yusuf Ulenge alimwandikia tangu mwaka 1931 hadi 1958, naye Yusuf hakuzitupa. Marehemu alifariki Juni 1962, akiwa amepata nishani ya Margaret Wrong na ile ya MBE ya Mwingereza. Barua zake kwa ndugu yake zilipigwa chapa Dar es Salaam mwaka 2002, miaka 40 baada ya kifo chake, na leo yeyote anaweza kuzisoma.